Ovaroli Limemzidi Fundi Juu

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba magoti yake yamepungua kelele. Sisi huku hatujambo. Mume wangu bado yuko zamu za usiku kiwandani, kwa hiyo tunaonana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Binti yetu amemaliza mitihani na sasa kazi yake ni kulala na kufungua friji.

Najua simu kwako ni chombo cha kuulizia bei, ndiyo maana naandika. Ndani ya kifurushi kuna ovaroli lako la mwaka huu. Kitambaa ni kile kizito cha bluu ulichokisifu, na mfuko wa brashi nimeupiga mshono mara mbili. Nimelikata kwa karatasi ileile ya vipimo vyako ninayoitumia tangu nifungue duka, kwa hiyo hata usijaribishe. Vaa uende kazini.

Sasa la kwangu. Unakumbuka ule upasuaji, walivyoniondolea kizazi na vifuko vya mayai. Daktari anasema mwanamke akikatikiwa na hedhi mapema, mifupa hupoteza madini yake upesi. Akanipeleka kwenye kipimo. Unalala chali, mkono wa mashine unapita juu yako taratibu, huumii popote, ni kama kupigwa pasi isiyo na moto. Majibu ni kwamba mifupa yangu imepungua uzito, ila haijafika pabaya. Sikulia, Mjomba. Nilitoka pale nikaingia duka la dawa nikanunua kila kitu kilichochorwa mfupa: vidonge vya kalisiamu vya aina mbili, vitamini D, unga wa matumbawe ya baharini, na chupa ya matone ambayo hata muuzaji hakujua ni ya nini. Vyote nimevipanga kwenye rafu kati ya nyuzi na vifungo.

Nitapona, hilo sina shaka nalo. Ila nakuuliza wewe ambaye umezeekea juu ya ngazi na hujawahi kuvunjika hata kidole, unakula nini?

Mpwa wako,
Sindano


2 Februari

Sindano,

Marahaba. Kifurushi nimekipata. Kondakta alikikalia njia nzima, kwa hiyo ovaroli lilifika limeshapigwa pasi. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Magoti yanalalamika lakini mdomo ni mzima kabisa. Mwambie binti yako friji haitazaa kwa kufunguliwa.

Pole kwa habari za mifupa, lakini usitishike. Hayo ni mambo yenu wanawake. Mnazaa, mnanyonyesha, lazima mpungukiwe. Mimi nimekula chumvi nyingi na sijawahi kumeza kidonge cha mfupa. Siri yangu ni dagaa wazimawazima na vichwa vyao, sigara mbili baada ya kazi, na kutojua woga. Huo unga wa matumbawe utupe. Sijasomea dawa, lakini jiwe hata ukilisaga ni jiwe. Na mtu anayemeza vitu vitano kwa mpigo atajuaje kipi kimemsaidia?

Sasa nina neno, na usinune. Ovaroli umelikosea. Miguu iko sawa, mabega yako sawa, ila mshono wa katikati ya miguu unaning'inia chini mno, natembea kama bata aliyeshiba. Wenzangu wameniuliza kama nimebeba mzigo mle ndani. Labda unakata huku unawaza vidonge.

Nalihitaji liwe sawa, maana nimepata kazi ya heshima. Ile dari ya ukumbi wa shule ya sekondari, iliyo juu mpaka shingo inauma ukiitazama, mafundi wawili waliiangalia wakaaga. Mimi wamenipa. Tunaanza kuipaka rangi likizo ya katikati ya mwaka. Fundi Juu si jina la kupewa bure.

Mjomba wako


18 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa dari, na mkaza mjomba mpe pole ya magoti. Huku hakuna jipya isipokuwa mvua imeingia dukani kupitia mlangoni kama mteja.

Kuhusu ovaroli, nimenuna na nitaendelea kununa. Macho yangu yanatunga uzi bila taa. Nimeitandaza ile karatasi mezani nikaipima upya, haijabadilika hata unywele. Hata hivyo nimekukatia jingine kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia msaidizi hata kifungo. Hili likikukaa vibaya, kosa halitakuwa la mkasi.

Kwenye vidonge ulisema kweli, ingawa sababu zako ni za kijiweni. Nilikwenda kwa mtaalamu wa lishe pale kliniki na mfuko mzima. Akaviweka mezani kimoja kimoja, kisha akaniuliza kitu ambacho duka la dawa hawakuniuliza: kwa siku ninakula nini? Tukahesabu maziwa, mtindi, dagaa, mboga za majani. Kumbe sehemu kubwa ya kalisiamu naipata kwenye sahani. Ameniachia kidonge kimoja tu, nikimeze na chakula, kwa kuwa mwili ukipewa nyingi kwa mara moja hauichukui yote. Vitamini D ameibakiza baada ya kupima damu, maana kutwa nzima nimejifungia ndani na cherehani na jua nalisikia kwa wateja. Unga na matone tumeviaga. Chumvi nimepunguza, soda pia.

Kisha kuna mazoezi. Anasema mfupa hukaza ukilazimishwa kubeba. Basi asubuhi natembea haraka hadi sokoni na kurudi, jioni nanyanyua madumu ya maji polepole, mgongo ukiwa umenyooka, na nikipiga pasi nasimama kwa mguu mmoja ili nisije nikapoteza mizani uzeeni. Mteja mmoja aliniuliza kama ni nadhiri.

Daktari naye ana maswali. Aliniuliza kama nimepungua urefu. Nikamwambia mimi si sabuni.

Sindano


27 Machi

Sindano,

Marahaba. Usiniulize kwa nini nimechelewa kujibu, nilikuwa na mambo. Sisi wazima. Godoro limetuharibikia, nimelitupa, na hilo jipya nalo ni la hovyo. Viti vya nyumba hii pia vimekuwa vibaya, hivi nakuandikia nimesimama jikoni, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Mkaza mjomba wako siku hizi ananifanyia vituko. Rafu ya sukari kaipandisha, na nikimwuliza anakana. Nimemwambia nyumba hii mwenye ngazi ni mimi, akitaka kitu kipandishwe aseme.

Ovaroli la pili ni lilelile. Tena nashangaa, kwa sababu ile suruali ya kitambaa uliyonishonea kwa ajili ya harusi inanikaa kama nilizaliwa nayo. Nikatoa ovaroli la zamani, lile la kijivu, nikalivaa, nalo linaning'inia. Bila shaka limelegea kwa kufuliwa. Basi mimi nadhani tatizo ni vitambaa vya siku hizi. Nimelikaza kiunoni kwa kamba, kazi zinaendelea.

Nimefurahi umeutupa ule unga. Hayo madumu sasa uyaache, utajiumiza. Mimi kifua kinanibana kidogo kwa sababu ya vumbi la msasa, lakini nina vile vidonge vyangu vya siku zote, nikimeza viwili vitatu napanda ngazi kama kijana.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Leo sitazunguka.

Nguo ya pamba ikifuliwa hurudi. Hairefuki. Wewe mwenyewe ulinifokea mwaka ule shati lako la kazi liliporudi mpaka kitovu kikachungulia. Kwa hiyo ovaroli la kijivu halijalegea. Nilikaa na barua yako mezani nusu ya siku, wateja wakaingia na kutoka. Suruali inakukaa, kwa hiyo miguu yako haina neno. Ovaroli linaanzia begani linashuka mpaka katikati ya miguu, na hapo ndipo lilipozidi. Mimi sijakosea, na kitambaa hakijakosea. Kilichofupika ni mgongo wako.

Rafu ya sukari iko palepale ilipokuwa. Muombe radhi mkeo.

Niliposema mimi si sabuni daktari hakucheka. Alinieleza kwamba mfupa wa uti wa mgongo ukikonda sana unaweza kubonyea wenyewe, hata mtu hajaanguka, na yeye akasingizia godoro. Nimemwuliza pia kuhusu wanaume. Wanapata, Mjomba. Sigara zinasaidia kazi hiyo. Na hivyo vidonge vya kifua unavyojinunulia miaka yote, vikiwa ni vile ninavyovifikiria, vinakula mifupa kuliko uzee. Usiviache ghafla, hiyo nayo ni hatari. Nenda navyo kwa daktari, yeye ndiye apange namna ya kuvipunguza.

Sasa nitasema la Mama. Dada yako alipoanguka jikoni, watu wote walisema sakafu ilikuwa na maji. Nimelisema hata mimi, msibani, kwa kila aliyeuliza. Sakafu ilikuwa kavu. Mimi ndiye niliyemkuta. Daktari anasema huenda nyonga ilivunjika akiwa amesimama, ndipo akaanguka. Hakuna aliyempima mifupa hata siku moja, kwa sababu hatukujua kama mifupa hupimwa. Mimi sasa najua, na wewe sasa unajua.

Nenda kapimwe kabla hujapanda ile dari. Nakuomba kwa magoti yote, yangu na ya mkaza mjomba.

Sindano


21 Aprili

Sindano,

Marahaba. Sisi wazima. Hali ya hewa ni nzuri.

Dada yangu aliteleza. Habari hizo usiniandikie tena. Mimi si mwanamke na si mgonjwa, na dari ya ukumbi haitajipaka yenyewe. Ovaroli nipunguzie hapo katikati, vipimo nitakutumia. Kama huwezi, sema nitafute fundi mwingine.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba msalimie.

Katafute. Mimi nimeshona mavazi ya mabibi harusi walioachwa wiki hiyohiyo, nimeshona suti za wanasiasa, sijawahi kukataa kazi ya mtu. Hii naikataa. Sishoni nguo ya kwendea kuanguka.

Ukienda kupimwa, nitakushonea hata pazia za nyumba nzima. Usipokwenda, kila mara nikisikia simu inaita usiku nitajua ni nini, na nitakuwa nimechukia nguo ya bluu maisha yangu yote. Nimekukasirikia sana. Nakupenda vilevile, huwezi kunizuia.

Mimi naendelea na yangu. Kidonge kimoja na chakula, mwendo wa asubuhi, madumu. Mgongo wangu umenyooka kuliko wa binti yangu.

Sindano


30 Juni

Sindano, mwanangu,

Marahaba, na samahani kwa ukimya. Mkaza mjomba wako ni mzima, magoti yake pia, na ndiye aliyenisukuma niketi niandike. Nimeketi, naam. Kiti nimekiwekea mto mgongoni.

Ulijua nitapanda, na nilipanda. Siku ya kwanza ya likizo niliingia ukumbini peke yangu, ovaroli limefungwa kamba, nikaegesha ngazi ndefu nikaenda mpaka juu. Nikainua brashi juu ya kichwa. Mgongo ukanishika, Sindano. Si maumivu ya kuchoka, ni kama mtu amenikunja katikati. Brashi ikaniponyoka, nikaisikia inavyochukua muda kufika chini. Nikakumbatia ngazi nikafumba macho. Sikuweza kupanda wala kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu nishike kazi hii niliogopa urefu.

Mke wangu aliniletea chai akanikuta hivyo. Hakupiga kelele. Aliweka birika chini, akaikamata ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Baba, lete mguu wa kushoto. Chini kidogo. Hapo. Sasa wa kulia." Alinishusha kwa maneno mpaka sakafuni, kisha akaketi hapohapo akalia, nami nikalia. Mwanamke mwenye magoti yale alisimama pale bila kutikisika.

Tulikwenda hospitali siku ileile. Pingili mbili za mgongo zimebonyea kama debe lililokaliwa. Mojawapo ni ya zamani, daktari anasema, na mimi nilimlaumu mwenye duka la magodoro. Kile kipimo cha kupigwa pasi bila moto nimefanyiwa pia. Mifupa yangu ni mibaya kuliko yako kwa mbali, na mimi ndiye niliyekuandikia kwamba hayo ni mambo ya wanawake.

Nimepewa dawa yenyewe, maana virutubisho peke yake kwangu vimechelewa. Ni kidonge cha mara moja kwa wiki. Unakimeza asubuhi tumbo tupu kwa bilauri nzima ya maji, halafu nusu saa hakuna kulala wala kula, unakaa wima kama askari wa gwaride. Kalisiamu na vitamini D nimeandikiwa pia, lakini kalisiamu isikutane na hicho cha wiki, vinagombana tumboni. Vidonge vya kifua daktari anavipunguza mwenyewe kidogo kidogo na kanipa dawa ya kuvuta badala yake. Sigara nimeacha. Usinipongeze, nina hasira na kila mtu.

Sasa la dada yangu. Nilitaka yawe maji. Maji mtu anayafuta, anamgombeza aliyeyamwaga, anaweka mkeka, yamekwisha. Lakini mfupa unaokonda kimya ndani ya mtu unayempenda, ningeufanya nini? Na kama ulikuwa ndani yake, ungekuwa ndani yangu pia, tumenyonya titi moja. Ndiyo maana nilikujibu vile. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu, na sikujua jinsi ya kuiandika.

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda mwenyewe nikamwambia siwezi kupanda tena. Sikutuma mtu. Wamefunga jukwaa la vyuma, na wale mafundi wawili walioaga ndio wanaopaka. Mimi nasimama sakafuni nawaelekeza. Maisha yangu yote dari nimezitazama kwa karibu kama daktari wa meno, sijawahi kuziona kwa macho ya wanaoishi chini yake. Ukiwa chini unaona kila mchirizi. Jana niliwarudisha kona moja mara tatu, wakasema nilikuwa afadhali nilipokuwa juu.

Nataka nije kwako wiki mbili, mkaza mjomba wako amekubali kupumzika nami. Kuna shida moja. Daktari amenikataza kunyanyua mizigo kwa sasa, na mimi begi langu halijabebwa na mtu mwingine tangu nitoke kwa baba. Utafute mtu pale stendi. Asiwe mtu anayenijua.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mume wangu kabla hajaenda zamu, na nilipofika kwenye birika la chai nikamwachia yeye amalizie. Mkaza mjomba mwambie chumba chenu kiko tayari, na pale pa kupandia kizingiti nimeondoa zulia lililokuwa linateleza. Bafuni tumeweka chuma cha kushikia. Binti ameapa kutofungua friji mpaka mfike.

Asubuhi tutatembea wote hadi sokoni, polepole, mimi na wewe. Madumu hutagusa. Utanihesabia.

Mtu wa stendi sijatafuta, na sitatafuta. Nitakuja mwenyewe. Njoo na lile begi la turubai lenye mikono miwili, usilijaze. Wewe utashika mkono mmoja, mimi nitashika wa pili, na tutakwenda nalo hivyo mpaka nyumbani.

Sindano